Miaka Saba ya Kulipia Picha Zangu Mwenyewe: Tathmini ya Hifadhi ya Wingu

Kwa miaka saba sasa nimekuwa nikihifadhi picha na video za familia yangu katika huduma moja ya wingu, na kwa miaka mitano kati ya hiyo nimeilipia kila mwezi bila kukosa. Sitaitaja kwa jina, kwa kuwa namna ya kupanga bei ninayoieleza hapa inafanana, kwa tofauti ndogo ndogo, katika karibu kila kampuni kubwa inayouza nafasi ya kutunzia picha mtandaoni. Ninachotaka kumwonyesha msomaji anayefikiria kujiunga ni kwamba bei ya huduma hii haiko pale inapotangazwa. Kiasi kidogo kinachoandikwa kando ya kitufe cha kujiunga ni cha kweli, hakina udanganyifu. Lakini gharama yenyewe hujulikana siku nafasi uliyopewa inapojaa, na hujulikana zaidi siku unapotaka kuondoka.

Nianze kwa kuipa haki yake. Kama chombo cha kutunzia picha, huduma hii ni nzuri kweli, na nisingeilipia kwa muda wote huu kama isingekuwa hivyo. Katika mwaka wa tatu simu yangu iliingia maji ikazimika moja kwa moja. Nilipopata nyingine niliingiza anwani na nenosiri, nikaiacha usiku kucha ikiwa imeunganishwa na intaneti, na asubuhi nikakuta picha zinarudi moja baada ya nyingine, zikianzia zile mpya na kurudi nyuma mwaka hadi mwaka. Siku ya pili jioni ikafika picha ya mwisho niliyompiga baba yangu, ameketi karibu na dirisha, mkono mmoja wa miwani yake umefungwa kwa uzi. Picha hiyo haikuwa mahali pengine popote. Kwa mtu aliyewahi kupoteza kumbukumbu za aina hiyo kwa simu kuibwa au kompyuta kuungua, utulivu wa moyo unaotokana na jambo hilo una thamani, na ni halali kampuni iulipishe.

Utafutaji nao ni wa hali ya juu. Ukiandika jina la mji au la kitu, picha zinazohusika hujitokeza, hata kama hukuwahi kuziandikia maelezo yoyote. Nyuma ya kazi hiyo kuna seva zinazokula umeme usiku na mchana, kuna nakala za kila faili zinazowekwa katika majengo tofauti ili moja likipata hitilafu jingine lishike nafasi, na kuna wahandisi wanaolipwa mishahara. Sina ugomvi na wazo la kulipia. Ugomvi wangu ni wa namna malipo yalivyopangwa.

Niliingia kwa sababu ilikuwa bure, na ndivyo walivyoingia wengi. Katika biashara hii ukarimu wa mwanzo una historia ambayo kila mteja angefaa aijue. Mwaka 2013 Flickr, tovuti ya kutunzia picha ambayo wakati huo ilikuwa mali ya Yahoo, ilimpa kila mtumiaji terabaiti 1, yaani takriban gigabaiti 1,000, bila malipo. Mwaka 2018, baada ya kununuliwa na SmugMug, kampuni nyingine ya picha, ilitangaza kwamba akaunti ya bure itaruhusiwa picha 1,000 tu, na mwaka uliofuata zilizozidi zikaanza kufutwa. Microsoft iliwaahidi waliolipia Office 365, programu zake za kazi za ofisi, nafasi isiyo na kikomo katika OneDrive, hifadhi yake ya wingu, kisha Novemba 2015 ikaiondoa ahadi hiyo na papo hapo ikatangaza kupunguza nafasi ya bure ya OneDrive kutoka gigabaiti 15 hadi 5. Google Photos ilizinduliwa Mei 2015 ikipokea picha bila kikomo, mradi mtumiaji akubali zipunguzwe ukubwa kidogo. Novemba 2020 Google ikatangaza kwamba kuanzia tarehe 1 Juni 2021 kila picha mpya itahesabiwa ndani ya zile gigabaiti 15 za bure, ikieleza kwamba ilikuwa ikitunza zaidi ya picha trilioni 4 na kupokea picha na video mpya bilioni 28 kila wiki.

Hesabu hiyo ya Google ni ya kutisha, na inatosha kumfanya mtu yeyote mwenye haki akubali kwamba bure isingeweza kudumu. Aidha kampuni hiyo haikuzihesabu picha hizo zilizopunguzwa ukubwa zilizopakiwa kabla ya tarehe iliyotajwa, jambo ambalo ni la uungwana. Microsoft nayo, baada ya malalamiko mengi, iliwaruhusu watumiaji wa zamani waliojitokeza kuomba wabaki na gigabaiti zao 15. Ninachokilaumu ni mfuatano wa mambo. Kipindi cha bure kilidumu kwa miaka ya kutosha watu wazoee kufuta picha kwenye simu mara zinapopanda mtandaoni, kwa sababu programu yenyewe iliwahimiza wafanye hivyo ili wapate nafasi. Malipo yalipokuja, picha nyingi hazikuwa na nakala nyingine mikononi mwa wenyewe. Mtu wa namna hiyo hachagui tena huduma kwa kulinganisha bei, kwani kinachouzwa kwake sasa ni ruhusa ya kuendelea kuvifikia vitu vyake.

Apple ilifuata njia nyingine, ambayo kwa maoni yangu ina kasoro kubwa zaidi ingawa haionekani haraka. iCloud, hifadhi yake ya wingu, ilipoanza Oktoba 2011 ilitoa gigabaiti 5 za bure, na mpaka leo ni gigabaiti 5 zile zile. iPhone 4S iliyouzwa mwaka huo ilianzia gigabaiti 16, kwa hiyo nafasi ya bure ilikuwa karibu theluthi ya simu nzima. iPhone 17 ya mwaka 2025 inaanzia gigabaiti 256, na nafasi ile ile ya bure sasa ni kama sehemu moja ya hamsini ya simu. Hilo halikuhitaji kupandisha bei wala kutoa tangazo; chombo kimekua mara kumi na sita na kifuniko kimebaki kilivyokuwa. Nchini Uingereza chama cha kutetea watumiaji kiitwacho Which? kilifungua madai dhidi ya Apple Novemba 2024, kwa niaba ya watumiaji wa iCloud wapatao milioni 40, kikidai kwamba wateja wamefungiwa katika hifadhi hiyo na kutozwa zaidi ya inavyostahili. Apple imeyakana madai hayo.

Kwangu mimi nafasi ya bure ilijaa katika mwaka wa pili, na jinsi nilivyolijua jambo hilo ndiyo sababu ya kwanza ya kuishushia huduma hii alama. Niliona arifa kwamba nafasi inakaribia kwisha, nikazipuuza, nikidhani kwamba ikijaa picha mpya hazitapanda basi. Sikuwa nimesoma mahali palipoandikwa kwamba barua pepe nazo zinahesabiwa ndani ya nafasi hiyo hiyo. Wakati huo nilikuwa nikisubiri jibu la maombi ya kazi. Siku ya tano mhusika alinipigia simu kuniuliza kama bado naitaka nafasi ile, kwa kuwa kila alichonitumia kilirudishwa na ujumbe wa mfumo kwamba sanduku la mpokeaji limejaa. Nilijisajili kwa malipo dakika ile ile, nikiwa nimesimama, bila kusoma masharti. Namna hiyo ya kumpata mteja haifai. Kuchanganya barua za mtu na video zake katika chombo kimoja, kisha kuzuia vyote viwili kwa pamoja kinapojaa, kunaugeuza uamuzi wa kawaida wa kununua kuwa dharura, na katika dharura hakuna anayepima bei.

Nilikaa katika kifurushi cha gigabaiti 100 kwa miaka miwili, kisha nikapanda hadi gigabaiti 200. Bei ilikuwa nafuu na sikuiwaza. Ndipo mwaka jana nilipofikisha gigabaiti 207.

Hapa naomba msomaji anivumilie kwa hesabu, kwa sababu ndipo kiini cha jambo kilipo. Baada ya gigabaiti 200, kifurushi kilichofuata kilikuwa cha terabaiti 2. Katikati hapakuwa na kitu. Si huduma yangu peke yake iliyopangwa hivyo: Apple na Google zote mbili, kwa miaka mingi, zimeuza gigabaiti 200 kisha terabaiti 2, na nchini Marekani zimetoza kiasi kile kile, dola 2.99 kwa mwezi kwa ngazi ya kwanza na dola 9.99 kwa ya pili. Ukiitazama bei hiyo kwa kila gigabaiti inayotangazwa, ngazi ya juu inaonekana kuwa nafuu sana, kwani gigabaiti moja inashuka kutoka takriban senti moja na nusu hadi nusu senti. Ndivyo jedwali la bei linavyotaka uione. Lakini mteja halipii gigabaiti zinazotangazwa. Analipia zile anazozitumia. Mwenye gigabaiti 199 katika ngazi ya kwanza analipa senti moja na nusu kwa kila moja. Akifikisha 207 analipa karibu senti tano kwa kila moja, na sehemu tisa kati ya kumi za nafasi aliyoinunua zinabaki tupu. Gigabaiti zake nane za nyongeza zimemgharimu dola 7 kila mwezi, sawa na dola 84 kwa mwaka.

Nafasi hiyo tupu haimgharimu muuzaji karibu chochote. Mtu anaponunua terabaiti 2, hakuna diski inayotengwa mahali fulani na kuandikwa jina lake ikisubiri ajaze. Faili huwekwa kadiri zinavyofika, na anachouziwa mteja ni kikomo tu. Kwa hiyo pengo kati ya ngazi hizi mbili halikuletwa na mashine. Ni uamuzi wa biashara, na faida yake imejengwa juu ya watu walioko palepale nilipokuwa mimi, waliozidi kidogo na ambao ukuaji wao wa kawaida, wa picha chache kwa siku, utawachukua miaka mingi mno kufikia nusu ya walichonunua. Kwa kasi yangu ya wakati ule, kama gigabaiti 30 kwa mwaka, ingenichukua takriban miaka sitini kuijaza terabaiti 2. Wahenga walisema chovya chovya humaliza buyu la asali, na malipo ya kila mwezi yanaishi kwa kanuni hiyo: kila chovyo ni dogo mno kuonewa uchungu, na hakuna siku maalumu ambayo mtu huketi na kulitazama buyu.

Uamuzi wangu wa kwanza ulikuwa kupunguza. Nilidhani ni kazi ya jioni moja. Programu ina kitufe kikubwa cha kununua nafasi, kilichowekwa juu kabisa, chenye rangi. Mahali pa kuona ni faili zipi zinazokula nafasi nyingi palikuwa ndani ya menyu ya tatu, na orodha yake ilionyesha vitu vichache tu kwa wakati mmoja. Nilipofanikiwa kuzipanga video kwa ukubwa nilikutana na mambo ambayo sikuyategemea. Ya kwanza katika orodha ilikuwa video ya dakika 11 iliyojirekodi yenyewe simu ikiwa mfukoni: giza tupu, sauti ya kitambaa kikisugua, na mara moja sauti yangu nikimuuliza mtu saa ngapi. Ilikuwa na gigabaiti 1.9, kwa sababu simu ilikuwa imewekwa kurekodi kwa ubora wa juu kabisa tangu ilipotoka dukani. Nimeilipia video hiyo kwa miaka mitatu. Video nyingine ya sherehe ya shule ilikuwepo mara nne, kwa kuwa watu wanne walinitumia na kila moja ikahifadhiwa kama mpya.

Video zilikuwa chache sana kuliko picha, lakini zilichukua zaidi ya nusu ya nafasi yote. Kwa yeyote anayesoma haya akiwa bado hajalipa, naomba afungue mipangilio ya kamera leo na ashushe ubora wa video kiwango kimoja kwa matumizi ya kila siku. Badiliko hilo lilipunguza ukuaji wangu kwa kiasi kikubwa kuliko kazi yote ya kufuta niliyoifanya kwa wiki mbili, na hakuna aliyewahi kunishauri, si kampuni ya simu wala ya hifadhi. Haishangazi kwamba hawashauri, kwa kuwa kampuni inayouza simu inapouza pia hifadhi, kamera bora zaidi ya kila mwaka huiletea pia mteja wa ngazi inayofuata.

Uamuzi wa pili ulikuwa kuondoka kabisa, na hapo ndipo nilipojifunza zaidi ya miaka yote sita iliyotangulia. Huduma ina ukurasa wa kuomba nakala ya data zako zote, na kuwepo kwa ukurasa huo ni jambo jema. Katika Umoja wa Ulaya ni haki ya kisheria tangu Mei 2018, kupitia kifungu cha 20 cha kanuni ya ulinzi wa data inayojulikana kama GDPR, na kampuni nyingi ziliwawekea watumiaji wa kwingineko kitufe hicho hicho. Niliomba usiku, nikaambiwa nitapewa taarifa nakala ikiwa tayari. Ilichukua siku tatu. Nilipewa viungo vya faili 52 zilizobanwa, zenye majina yanayotofautiana kwa namba tu, pamoja na onyo kwamba viungo vitakufa baada ya siku chache.

Kupakua gigabaiti 207 si jambo dogo hata kwa mwenye intaneti nzuri, na kwa anayenunua data kwa kipimo ni gharama inayoweza kuzidi malipo ya hifadhi ya miezi mingi. Picha zilipanda juu kidogo kidogo kwa miaka saba, tano leo na kumi kesho, na hakuna aliyeuhisi uzito wake. Zilipotakiwa zishuke, zilitakiwa kushuka zote kwa wiki moja. Faili ya 17 ilikatikia njiani mara mbili. Faili ya 33 ilipakuliwa hadi mwisho lakini ikakataa kufunguka. Nilipokwenda kuirudia, muda wa viungo ulikuwa umekwisha, ikabidi niombe upya, na ombi jipya likagawanya vitu kwa mpangilio mwingine, kiasi kwamba faili ya 33 ya sasa haikuwa na yaliyokuwamo katika ile ya awali. Nikaanza tena kutoka mwanzo.

Nilipomaliza nilifungua folda ya kwanza na kuona kwamba picha nyingi zinaonyesha tarehe ya siku niliyozipakua. Albamu nilizozipanga kwa miaka, ya safari, ya harusi ya mdogo wangu, ya matibabu ya mama, zilikuwa zimevunjika, baadhi ya picha zikionekana mara tatu katika folda tatu. Picha ya baba na miwani yake ilikuwepo, nzima, lakini ilikuwa na jina la herufi na namba, katikati ya nyingine elfu kadhaa zenye majina ya namna hiyo. Maelezo niliyoyaandika chini yake, mahali ilipopigwa na siku yenyewe, hayakuwa ndani ya picha. Nilijiuliza swali ambalo bado sijapata jibu lake la kuridhisha: ikiwa kampuni hii inaweza kunitafutia kila picha yenye miwani kwa nukta moja, inashindwa vipi kunirudishia albamu zangu kama nilivyozipanga?

Najua kwamba jambo hili linawezekana, kwa sababu limekwisha kufanyika kwa kiasi fulani. Mwaka 2018 Google, Facebook, Microsoft na Twitter zilishirikiana katika mradi wa kuhamisha data moja kwa moja kutoka huduma moja hadi nyingine, ambao Apple ilijiunga nao mwaka uliofuata, na tangu 2021 Apple imekuwa na njia ya kuomba picha za iCloud zinakiliwe kwenda Google Photos bila mteja kuzipakua kwanza. Sheria ya Data ya Umoja wa Ulaya, iliyoanza kutumika Septemba 2025, inataka ada za kuhama kutoka mtoa huduma mmoja wa wingu kwenda mwingine zifutwe kabisa kuanzia Januari 2027. Mbele ya msukumo huo, makampuni makubwa yanayouza wingu kwa wafanyabiashara yalitangaza mapema, mwaka 2024, kwamba mteja anayehama hatatozwa kwa kutoa data zake. Mteja wa kawaida hatozwi ada ya namna hiyo. Anatozwa muda, data na uvumilivu, na hizo hakuna stakabadhi inayozionyesha.

Kuhusu kuacha kulipa bila kuondoka, nilisoma masharti safari hii, tena yote. Picha hazifutwi siku kadi inapokataliwa. Kinachotokea ni kwamba akaunti inahesabiwa kuwa imezidi kikomo, hakuna kipya kinachopokelewa, na baada ya muda uliotajwa kampuni inajipa haki ya kufuta. Kwa upande wa Google, kwa mfano, sera ya mwaka 2021 inasema kwamba akaunti iliyozidi kikomo kwa miaka miwili inaweza kufutiwa vilivyomo. Muda huo ni wa haki, hata mrefu kuliko nilivyotarajia. Wasiwasi wangu ni wa yule anayefariki au kuugua kwa muda mrefu, ambaye kadi yake inaisha muda na arifa zinakwenda kwenye sanduku la barua ambalo halipokei tena kitu. Familia nyingi hazijui hata kwamba malipo hayo yapo. Kuna mipangilio ya kumteua mtu wa kuirithi akaunti, na nakushauri uijaze mapema; dakika kumi zinatosha.

Wapo wanaosema dawa ni kununua diski ya nje na kuachana na haya yote. Nimeinunua, na bei yake ililingana na malipo ya miezi kadhaa tu ya ngazi ya juu. Lakini diski moja si mbadala wa wingu. Diski huanguka, huibwa, huungua pamoja na nyumba, na baada ya miaka kadhaa huweza kufa bila dalili yoyote. Wanaoshughulika na kumbukumbu hufuata kanuni ya nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja iwe mbali na nyingine. Wingu ni njia nzuri ya kupata ile nakala ya mbali. Shida huanza linapokuwa nakala pekee, na kwa jinsi programu hizi zilivyoundwa, zikikuhimiza kila wiki ufute kilichoko kwenye simu, kuwa nakala pekee ndilo jambo linalotokea kwa asiyechukua hatua.

Kwa hiyo sikuondoka. Nilifuta video za gizani na zilizojirudia, nikahamishia video ndefu kwenye diski, na nakala ya diski hiyo nikaiweka kwa dada yangu. Hivi sasa nina gigabaiti 148 mtandaoni na nimebaki katika ngazi ya 200. Kila baada ya miezi mitatu napakua picha za robo hiyo tu, ambazo hushuka kwa saa moja, naziweka katika folda yenye mwaka na mwezi, kisha nafungua tatu au nne kuhakikisha ni nzima. Laiti ningeanza hivyo tangu mwezi wa kwanza, ile wiki ya faili 52 isingekuwepo.

Kwa anayepiga picha za kawaida na atakayebaki chini ya gigabaiti 200, naipendekeza huduma ya namna hii bila kusita, mradi awe na nakala nyingine mkononi. Kwa familia ya watu watano au sita wanaoweza kugawana terabaiti 2, hesabu ya ngazi ya juu inakuwa ya maana, kwani pengo nililolilalamikia linajazwa na wengi. Kwa mtu mmoja aliyezidi kidogo, ushauri wangu ni asinunue kabla hajazipanga video zake kwa ukubwa na kuzitazama ishirini za kwanza. Na kwa anayerekodi video kama kazi, hii si mahali pake.

Naipa nyota tatu kati ya tano. Ya nne nitaiongeza itakapoweka kifurushi cha gigabaiti 400 au 500 kwa bei iliyo kati ya ile ya gigabaiti 200 na ile ya terabaiti 2, na ya tano siku nitakapoomba nakala ya vitu vyangu na kuipata ile picha ya dirishani ndani ya albamu yake, ikiwa na tarehe yake na maneno niliyoyaandika chini yake.